Stuli za Mama Ikupa na Kigezo Kilichokatwa

"Laki mbili na elfu arobaini nikupe kwa kazi hii? Fundi Nsajigwa, stuli zinapanda kama ngazi! Mteja akianza kukaa huku akahamia kule, atafika darini!"

"Ngazi umeijenga wewe, Mama Ikupa. Kigezo changu kiko wapi?"

"Kigezo, kigezo! Mimi niliagiza stuli, sikuagiza kigezo!"

Majirani walishajaa barazani kwa Mama Ikupa. Wengine walishachagua upande kabla hata ya kujua ugomvi ni wa nini, kama ilivyo kawaida yetu. Ngoja niueleze.

Nsajigwa alikuwa fundi wa nyuma ya nyumba. Hakusomea popote. Ufundi aliupata kwa kuharibu mbao alizonunua kwa pesa yake mwenyewe, na hasira alizipata hukohuko. Benchi lake la kazi lilikuwa chini ya mabati mawili, kati ya jiko na banda la kuku, lakini kitu alichotengeneza kilisimama. Hakupigilia misumari. Kila mguu aliuchonga ncha, akaiingiza kwenye tundu lake, akatia gundi, basi. Mpaka wajukuu.

Mama Ikupa alikuwa muuza chakula. Miaka yote alipikia kibandani, sasa alikuwa amepata chumba kizuri chenye sakafu ya saruji, kwa mkopo wa kikundi. Meza alishanunua. Akaagiza stuli kumi na mbili. Siku ya kufungua ilikuwa siku ya gulio, watu wanapotoka vijijini na njaa zao. Asipofungua siku hiyo, rejesho la kwanza angelitoa wapi?

Sasa sikilizeni desturi ya kazi ya mbao. Ukitaka kutengeneza vitu vingi vya kulingana, unatengeneza kimoja kwanza, unakihakikisha, nacho kinakuwa kigezo. Vyote vinavyofuata unavipima kwa hicho hicho. Si kwa macho. Si kwa jirani yake. Kwa hicho.

Nsajigwa alitengeneza stuli ya kwanza. Pembeni yake akatengeneza ya pili, zikawa kama pacha. Mama Ikupa akapita, akaibeba ile ya kwanza.

"Naenda kuijaribu kwenye meza zangu, fundi. Jioni nakurudishia."

Jioni ya lini, hakusema.

Fundi alituma mtu, akaambiwa subiri. Alipiga simu, akaambiwa, "Mama mkwe ameikalia, nitamnyanyuaje?" Akapiga tena, akaambiwa yaleyale. Hasira zikampanda. "Basi kaa nayo!" akasema, akakata simu.

Angeifanya ya pili kuwa kigezo, angepona. Lakini mtu akiwa na hasira hapangi mambo. Ya pili akaipimia ya tatu, ya tatu akaipimia ya nne, ya nne ya tano, na kila mara msumeno ulipita nje kidogo ya mstari wa penseli. Unywele tu. Unywele juu ya unywele, ya mwisho ikaizidi ya pili kwa vidole viwili.

Ndipo tukafika pale barazani, kesho yake gulio, pande zote mbili zinatoa povu, na kila upande una nusu ya haki na hautaki kusikia ile nusu nyingine.

"Nirudishie kigezo," fundi akasema. "Nizisawazishe leo leo, unilipe, tusijuane tena."

Mama Ikupa akanyamaza ghafla. Mwanamke aliyekuwa anasikika mpaka stendi! Akaingia ndani, akakawia, akatoka na stuli. Akaiweka chini bila kumtazama fundi usoni.

Nsajigwa akaisogeza kando ya zile nyingine. Ilikuwa fupi kuliko zote kwa upana wa kiganja.

Hapo mtu mtulivu angejiuliza: ya kwanza na ya pili nilizitengeneza pacha, hii ya pili imerefuka lini? Mbao ikishakatwa haioti. Futi yake ya kupimia ilikuwa mfukoni mwake mwenyewe. Na meza zilikuwa humo ndani, hatua chache, angeenda tu kuijaribu. Wapi!

"Mnaona?" akawageukia majirani. "Mnaona alivyonipoteza? Kiganja kizima! Angenirudishia mapema haya yote yasingetokea!"

"Fundi," Mama Ikupa akasema kwa sauti ndogo, "kabla hujakata..."

"Mama, nimewahi kuja jikoni kwako kukufundisha kuunga maharage?"

"Hapana, ila nilitaka..."

"Basi niache na mbao zangu!"

Mama Ikupa akafunga mdomo. Na nadhani, ndani ya moyo, alishukuru kufokewa.

Fundi akakata. Safari hii alifanya kama inavyotakiwa: kigezo kimoja, msumeno juu ya mstari, kila mguu ukapimwa kwa kile kile. Vumbi la mbao likajaa baraza nzima, mpaka kwenye nywele za waliokuja kutazama. Alipomaliza akazipanga mstari mmoja, akaweka ubao mrefu juu yake. Ubao ukalala, hakuna mwanga uliopenya chini yake.

"Hiyo ndiyo kazi," akasema. "Ingizeni ndani. Kaeni. Mseme wenyewe kama zinacheza."

Dereva mmoja wa lori la ndizi akatangulia kukaa. Hakika stuli haikucheza hata kidogo. Isipokuwa meza ilimfika chini ya kidevu.

Akaweka viganja vyake mezani kama mtoto wa chekechea.

"Mama Ikupa," akauliza, "hapa tunakula au tunanyolewa?"

Baraza likalipuka. "Mwekeeni taulo shingoni!" mmoja akapiga kelele. Mwingine akakaa, akaomba aletewe upawa, maana kijiko hakitafika. Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi. Wawili tu hawakucheka, na mnawajua.

Kicheko kikamtoa jikoni Bibi Subilaga, mama mkwe, na kisu chake cha kumenyea ndizi mkononi. Akazitazama stuli, uso ukachangamka.

"Ooh, zote mmezifupisha kama yangu! Mmefanya la maana. Ile ilikuwa ndefu, miguu yangu inaning'inia kama ya mtoto. Nikamwita yule muuza mkaa, akanipunguzia vizuri tu na msumeno wake."

"Bibi," Nsajigwa akasema polepole, "ulikata kigezo changu?"

"Nilikata stuli, mwanangu. Mambo ya kigezo mimi nayajulia wapi? Nikamwambia mkwe wangu amwambie fundi." Akamgeukia Mama Ikupa. "Kwani hukumwambia?"

Mama Ikupa akavuta pindo la khanga.

"Ningesemaje, mama? Nije nikushtaki kwa fundi, mbele ya mtaa mzima? Na mimi nilishapiga kelele kwamba kosa lote ni lake." Halafu akamtazama fundi, na sauti yake ikarudi. "Na nilipotaka kusema, si ulinifokea habari za maharage?"

Nsajigwa akatoa futi mfukoni, akaipima ile stuli ya bibi, akaitazama namba, akairudisha mfukoni. Kazi ya kufumba na kufumbua. Angeifanya kabla ya kukata, tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

"Si uunge tu vipande huko chini?" dereva akashauri.

"Stuli zangu hazivai viatu."

"Basi ukate meza!"

"Wewe kale barabarani!"

Akakaa juu ya moja ya zile stuli fupi, magoti yakamfika kifuani, akajishika kichwa.

"Mama Ikupa," akasema, "miguu yote mipya. Mbao unanunua wewe, maana ulificha. Kazi naifanya bure, maana niliambiwa ningoje sikungoja. Ile ya kwanza ni ya bibi, asiiguse mtu."

"Na gulio la kesho?"

"La kesho limekwisha kabla halijaanza."

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku ya gulio watu walikula wamesimama, sahani mkononi, mchuzi unawachuruzikia kwenye viwiko. Waliovumilia walikuwa wachache. Wengi walichungulia mlangoni, wakaona hakuna pa kukaa, wakaenda kwa jirani. Rejesho la kwanza la kikundi Mama Ikupa alilikopa kwingine. Fundi alifanya kazi siku kadhaa bila kuona hata senti, na hakuna aliyemhurumia.

Aliyekaa raha siku ile ni Bibi Subilaga peke yake, pale mlangoni, juu ya stuli yake, miguu yote miwili chini, anawaonyesha wateja sufuria la ndizi liko upande gani.

Funzo: Ukigusa kipimo ambacho wenzako wanakitegemea, sema siku hiyohiyo, hata kama aliyekikata ni mkweo, na mtu akikwambia "kabla hujakata", weka msumeno chini umsikilize mpaka mwisho.

Na wewe uliyemo humu kati ya wasikilizaji, uliyeazima randa yangu ya kulainishia mbao tangu Pasaka: kama umeipitisha kwenye msumari ikaingia pengo, sema imeingia pengo. Lakini irudishe.