Nyoka Mwenye Miguu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walilima mashamba na, kama sisi, walipenda mno mikutano. Bi Sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, alikuwa na shamba la viazi vitamu. Hilo ndilo lililowalisha watoto wake.

Asubuhi moja alipindua jani, akakutana na macho mawili makubwa yakimkodolea. Mwili mnene wa kijani, kichwa juu.

Nyani, aliyejiita Mtaalamu, akaja, akachungulia kwa mbali, akakohoa. "Nyoka wa mizimu huyu. Akikugusa, jua la kesho hulioni. Shamba lifungwe, niingie mimi tu mwenye dawa."

Mzee Nyati, mkuu wa kijiji, akalifunga. Viazi vikaanza kupungua.

"Nyoka anakula viazi?" Bi Sange akauliza.

"Wa mizimu hula chochote," Nyani akajibu, akijifuta udongo mdomoni.

Hapo Bi Sange akakata shauri. Alijipenyeza shambani, akalala kifudifudi chini ya majani. Mvua ikamnyeshea, hakuondoka. Akamwona nyoka akitafuna jani, kwaru, kwaru. Akamwona akitembea kwa miguu, mifupi, minene. Na yale macho hayakupepesa hata mara moja. Yalikuwa madoa ya ngozi. Kichwa chenyewe kilikuwa kidogo kama punje ya mtama.

"Kumbe kiwavi," akasema. "Nawe unajifanya mkubwa, mwenzangu."

Akamwendea Mzee Nyati barazani. "Babu, yule ni kiwavi."

"Mtaalamu kasema nyoka. Wewe, mjukuu wangu, umesomea wapi?"

"Chini ya jani, babu."

Baraza zima likacheka. Bi Sange hakucheka.

Mkutano uliofuata, Nyani aliketi ubavuni mwa Mzee Nyati kama kawaida yake, akihutubia huku akimtoa mzee kupe na kuwatia mdomoni. Ndivyo nyani walivyo: mkono hauulizi kichwa. Bi Sange akapita nyuma na kifurushi cha majani. "Shikamoo, babu," akasema, na taratibu akamweka kiwavi nyuma ya sikio la mzee.

"Nyoka huyu ni hatari," Nyani alikuwa akisema, "hata mimi simshiki bila..." Mkono ukapapasa, ukanyofoa, ukapeleka mdomoni. Kachu.

Fisi, aliyeketi mbele, akaruka. "Jicho! Lile jicho!"

Nusu ya kiwavi ilikuwa bado vidoleni mwa Nyani, jicho likiwakodolea wote.

Bi Sange akakohoa, kama Mtaalamu hasa. "Mzee, tuamue. Kama ni nyoka, tumchimbie Mtaalamu kaburi sasa hivi, kabla jua halijawa kali. Kama ni kiwavi, shamba langu lifunguliwe, na aliyekuwa akiingia peke yake aje na jembe."

Nyani akaitazama ile nusu. "Kiwavi," akanong'ona.

"Rudia, Mtaalamu. Masikio ya mzee ni mazito."

"Ni kiwavi."

Msimu ule Nyani alilima tuta kwa tuta, Bi Sange akimwonyesha kwa pua palipobaki magugu. Nami naliweka jembe langu hapa, wanangu: kabla hujaogopa macho ya kitu, tazama miguu yake.