Barafu za Mafundo Mawili

Oktoba ikiingia, mji wa Sumbawanga hubadilika. Ule upepo unaowafanya watu watembee na masweta hadi adhuhuri hupumzika, vumbi hutanda juu ya mabati, na watu waliozoea kuota moto huanza kulilalamikia jua kana kwamba wamedhulumiwa. Huo ndio msimu wa sherehe. Mahindi yamekwisha kuuzwa, watoto wamepata kipaimara, mabinti wanaagwa. Na huo ndio msimu ambao Otilia, mjane wa mtaa wa Malangali, hakupata hata nafasi ya kujikuna kwa wingi wa oda.

Otilia alitengeneza barafu nyumbani kwake. Za watoto zilikuwa za ukwaju na ubuyu, nazo aliziuza dirishani. Lakini zilizompa jina ni nyingine, zile za sherehe za wakubwa. Hizo alizichanganya mwenyewe, mlango umefungwa: maji ya tangawizi, ndimu, sukari ya kutosha, na pombe kali kwa kipimo alichokijua yeye. Kipimo hicho hakukiota ndotoni. Mara ya kwanza alimimina kwa mkono wa ukarimu, barafu zikagoma kuganda, wageni wakabaki kunyonya uji wa baridi. Tangu siku hiyo akajua kwamba pombe na barafu ni kama wakwe: hukaa pamoja, lakini kwa adabu.

Ili zisichanganyike, vifuko vya watoto vilifungwa fundo moja, na vya wakubwa mafundo mawili. Siri ya mafundo hayo aliijua yeye, mwanawe Loth, na Justa, mdogo wa Otilia, aliyekuja kila jioni kumsaidia kufunga. Wengine wote waliambiwa neno moja tu: "Za mafundo mawili ni za oda. Zisiguswe." Hadi hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya ulianza barafu za oda zilipoanza kupungua ndani ya friza.

Sasa, Otilia hakuwa mtu wa kuamini upesi. Hata sufuria aliyomwazima jirani ikirudi, aliinusa kwanza. Alipoona mwanya kwenye friza, hakujiuliza mara mbili. Macho yake yalikwenda moja kwa moja uani, kwenye chumba cha mpangaji wake, Faith.

Faith alikuwa fundi cherehani, msichana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Milepa, kule bondeni, na ng'ombe wao. Alikuwa mpole na mcheshi, na Otilia akiwa sokoni yeye ndiye aliyewauzia watoto barafu dirishani. Loth, mtoto wa pekee wa Otilia, alikuwa amempenda hadi akatamka wazi kwamba kama si Faith, haoi. Mama mtu aliitikia "sawa mwanangu" kwa mdomo, moyo ukasema lake.

Na Justa naye hakuuacha moyo huo upoe.

"Dada, mimi simo," alinong'ona jioni moja huku akikaza fundo kwa meno. "Lakini humu ndani tuko wangapi?"

"Sema unachotaka kusema, Justa."

"Sisemi kitu. Msichana mwenyewe hatumjui kwao, na friza liko ukumbini. Halafu mbona siku hizi anacheka sana?"

Loo! Hilo lilitosha. Kuanzia hapo Otilia hakuwa na usingizi wala kazi. Alipita dirishani kwa Faith akijifanya anatafuta kuku. Alinusa vikombe vyake kwenye karai. Msichana akichelewa kuamka, Otilia alisema, "Pombe hizo." Akiwahi kuamka, alisema, "Anaficha ushahidi." Maskini Faith alimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo mama," na Otilia aliitikia "marahaba" huku akivuta pumzi kwa pua, apate harufu.

"Mama, Faith ni Msabato," Loth alimwambia. "Hajawahi hata kuonja."

"Wanaosali sana ndio wa kuogopa."

Loth alivuta kigoda, akaketi karibu naye. "Sikiliza mama. Jumapili mzee Masunga, baba yake, anapanda kutoka Milepa kuja kuiona nyumba yetu. Ni mzee wa kanisa. Sharti lake ni moja tu, bintiye asiolewe kwenye nyumba ya pombe. Mimi nimemwambia unatengeneza barafu, nikaishia hapo. Hata Faith sijamweleza za oda, naona aibu. Baada ya ndoa tutayazungumza. Nakuomba, siku hiyo ipite salama. Nikimkosa Faith sijui nitafanya nini."

Otilia alimtazama mwanawe, akaona jinsi alivyokonda kwa mawazo. Alimhurumia kweli. Lakini dhana ikishaota mizizi, huruma huwa mbolea yake. Alijisemea kuwa hawezi kumtoa mwanawe wa pekee kwa mwizi tena mlevi, na kwamba ni heri huyo msichana aumbuke kabla baba yake hajakanyaga kizingiti. Basi Jumamosi, Justa alipokwisha kuaga, alijifungia jikoni akatega mtego.

Alichanganya barafu mpya. Safari hii pombe aliimimina bila kupima, ili mwizi ayumbe mbele za watu. Kisha akatia rangi ya chakula ya zambarau, ile inayong'ang'ania ulimi hata ukiusugua kwa mswaki. Akafunga mafundo mawili, akazilaza juu kabisa pale pa kuonekana. Hakumwambia Loth, maana angemzuia. Hakumwambia hata Justa, kwa kuwa Justa alikuwa na mdomo mwepesi.

Jumapili asubuhi Justa alikuja mapema ili waende misa pamoja. Dada yake alikuwa bado anafunga kilemba.

"Ngoja ninywe maji ya baridi," Justa alisema akielekea ukumbini, na huko akakawia kidogo.

Kanisani Justa hakuimba, yeye ambaye sauti yake huwafanya watoto wageuke. Aliyemsalimu alijibiwa kwa kichwa. Ulipofika wakati wa komunyo, watu walipanga foleni na yeye akabaki kwenye benchi, akaonyesha tumbo kwa kidole. Otilia alimpigapiga begani kumpa pole. Angekuwa na macho siku hiyo angeona mengi, lakini macho yake yote alikuwa ameyaacha nyumbani, kwenye ulimi wa Faith.

Na huko nyumbani mambo yalikuwa yamekwenda kombo. Loth alikuwa stendi akimsubiri mgeni ashuke basini. Kumbe mzee Masunga alipata lifti ya lori la mpunga, akashushwa barabarani karibu na nyumba, vumbi hadi kwenye nyusi. Faith alimpigia goti, akampokea mkoba, akamkalisha kivulini.

"Mwanangu, koo limekauka kama ngozi ya ng'ombe," mzee alisema. "Hamna kitu cha baridi?"

Faith alifungua friza. Barafu za watoto zilikuwa zimeisha jana yake. Zilibaki za mafundo mawili, za zambarau, zinapendeza machoni. Alisita, maana alikatazwa. Kisha akawaza kuwa mgeni huyu si mtu baki, ni mkwe mtarajiwa wa nyumba hii, na mama akirudi, yeye mwenyewe atamweleza. Akachukua mbili, akampelekea.

"Za nini hizi?"

"Nadhani zabibu, baba."

"Zina ukali kwa mbali. Tena laini kweli."

"Itakuwa tangawizi."

"Tangawizi ya huku ina heshima yake," mzee alisema, akanyonya hadi kifuko kikawa kikavu. Akafungua cha pili. Kisha akaomba cha tatu.

Otilia na Justa walipoingia uani, walimkuta mzee wa watu ameketi, kofia imelala sikioni, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kuitia ng'ombe. Otilia alimsikia, lakini hakumsikiliza. Alichokiona ni vile vifuko vya zambarau vilivyolala chini, na Faith amesimama karibu navyo. Moyo wake uliruka kwa furaha, nasema furaha kabisa!

"Nani kagusa za oda?"

"Ni mimi, mama," Faith alijibu mara moja. "Nilitaka nikueleze—"

"Ahaa! Nilijua! Siku zote nilijua!" Wakati huo Loth alikuwa anaingia getini, anahema baada ya kumkosa mgeni stendi. "Njoo, Loth, njoo uone kwa macho yako. Faith, toa ulimi!"

"Mama?"

"Nimesema toa ulimi!"

Msichana alimtazama Loth, akamtazama baba yake. Kisha, kwa kuwa alifundishwa kutobishana na mkubwa, akatoa ulimi mbele ya wote, machozi yakimlengalenga. Ulikuwa safi, hauna hata doa.

Mzee Masunga akaangua kicheko. "Mama Loth, kumbe wewe ni daktari! Basi nipime na mimi!" Akatoa ulimi wake wote, zambarau tupu hadi kooni.

Otilia alishika kiuno. Akasikia viatu vikisogea taratibu nyuma yake kuelekea getini.

"Justa."

Justa akasimama.

"Justa, sema neno moja tu." Justa alitikisa kichwa, kiganja kimeziba mdomo. Otilia akamfuata, akauvuta ule mkono. Midomo, meno, ulimi, vyote vilikuwa vya zambarau.

"Dada, ni shetani tu," Justa alisema kwa sauti ya kilevi, akaanza kulia.

Kicheko cha mzee Masunga kilikatika. Aliutazama mdomo wa Justa. Akatoa kitambaa mfukoni, akafuta ulimi wake, akakitazama kitambaa.

"Mama Loth, nimekula nini?"

"Mzee wangu—" Loth alianza.

"Sikukuuliza wewe. Wewe uliniambia barafu."

Otilia alipiga magoti pale pale kwenye vumbi. "Pombe, baba Faith. Pombe kali. Niliiweka kwa ajili ya mwizi."

"Na mwizi ulidhani ni nani?"

Macho ya Otilia, hayana adabu macho, yalimponyoka yakamwendea Faith, na mzee akayaona.

Alijaribu kuinuka, miguu ikamkatalia. Faith akamshika kwapani. "Tangu nibatizwe kitu hiki hakijapita kooni kwangu," mzee alisema. "Leo nimelishwa kwa mkono wa mwanangu mwenyewe, na mwanangu hajui. Nitawaambia nini wenzangu kanisani?" Akaanza kulia waziwazi, mtu mzima mwenye mvi, na kila aliyekuwepo aliona aibu.

"Nisamehe, binti yangu," Otilia alisema.

"Mama, ungeniuliza," Faith alijibu taratibu. "Ungeniuliza tu, ningekujibu. Hii pombe baba ataisamehe, mimi namjua. Lakini mimi nitaishije kwenye nyumba ambayo kila kitu kikipungua nitaambiwa nitoe ulimi?"

Aliingia chumbani akafunga vitu vyake. Hakuchukua muda, hakuwa na vingi. Loth alimbebea cherehani hadi stendi, akamsihi njia nzima. Aliapa kwamba hakujua habari ya mtego, na kweli hakujua. Faith aliamini hilo. Lakini alipanda gari na baba yake, wakateremka bondeni, wala hakugeuka nyuma.

Loth aliporudi alimkuta mama yake bado yuko uani, anaokota vifuko kimoja kimoja. Justa alikuwa ametoweka zamani. Otilia aliinua uso kwa matumaini, akaona mwanawe amerudi peke yake.

"Mwanangu, angalau tumemjua mwizi," alisema, kwa kuwa hakupata neno lingine.

"Ndiyo, mama. Justa umemnasa," Loth alijibu, akampita. "Umemnasa na mzee Masunga. Na mimi umeninasa." Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Otilia alibaki peke yake na mikono iliyochafuka rangi, akalia kilio cha mtu asiye na wa kumlaumu. Mtego aliutega kwa ajili ya Faith, na Faith peke yake ndiye uliyeshindwa kumnasa. Hakika, mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.