Kiraka cha Bi Mize

Alikuwako zamani, katika mji wa Zirhani, sultani aliyeitwa Shahibu, mtu wa haki na wa swala, na katika mji huo alikaa kijana muuza udi na ambari, jina lake Badawi, ambaye Mungu alimjaalia mali na sura na heshima ya watu, ila wazazi wake wote wawili walikuwa wamekwisha kufa.

Urithi wake kwao ulikuwa mfarishi wa viraka, tandiko la kitanda lililoungwa kwa vipande vya nguo. Bibi mmoja wa kale wa nyumba ile alimficha jini jike, Dahina, asichomwe na wachawi, na Dahina akamlipa kwa kumsokotea uzi usiokwisha, akamwambia kila afapo mtu wa nyumba hii wakate kipande cha vazi lake wakishone kwa uzi huo, na atakayeweka kiganja juu yake atamsikia marehemu akisema. Ndivyo walivyofanya, kizazi kwa kizazi, na jioni ulipotandikwa, viraka vilizungumza vyenyewe kwa vyenyewe, vikataniana na kuulizana habari.

Kiraka cha mwisho kilikuwa cha Bi Mize, mama yake Badawi. Kilikuwa cha kaniki iliyopauka, nacho kilinuka karafumaiti, maana Bi Mize alikuwa mwosha maiti, na kwa kazi hiyo alimlea mwanawe. Watu waliomwita walipofiwa ndio hao hao waliokataa kula mkononi mwake siku za furaha. Na Badawi, tangu utotoni, kila alipomwona mama yake njiani na ndoo yake, alivukia upande wa pili.

Basi Sultani akampenda kwa adabu zake, akakubali kumwoza binti yake, Bahija. Ada ya mji ule ni kwamba bwana arusi hutandika kitanda kwa nguo ya kwao, mbele ya wakwe. Badawi akaufikiria mfarishi wake na uso ukamwaka moto. Akakifumua kile kiraka cha kaniki, akashona hariri nyekundu pahala pake, na kaniki akampa mtunza punda afutie matandiko. Moyo ulimwambia akirudishe, naye akaukemea.

Siku ya kutandika, Sultani aliketi barazani na mawaziri wake na wazee wa mji, na Bahija alikuwa nyuma ya pazia pamoja na wanawake. Sultani akaweka kiganja juu ya kipande cha kilemba, na kadhi wa zamani akamsimulia hukumu zake. Akagusa kiraka cha Bi Mwanasha, mama yake Mize, aliyekuwa mpika halua, naye akawachekesha wazee kwa kusema kwamba halua ya siku hizi hukorogwa na watu wenye haraka kama wanaofukuzwa. Kisha akafika penye hariri, akangoja, na hakusikia kitu.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mama yangu, bwana wangu. Alikuwa mtu wa daraja, hakupenda maneno mengi."

Hapo Bi Mwanasha akasema bila kuguswa, "Mize hapendi maneno? Tangu lini? Wee Badawi, mama yako yuko wapi? Namwita tangu juzi haitiki."

Sultani akamtazama Badawi. "Apa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hii ni nguo ya mama yako."

Badawi alikuwa amesema uongo mwingi, lakini huo wa kumwapia Mungu hakuuweza. Akainama, akaeleza yote, kaniki na ndoo na punda, macho yake yakiwa mkekani.

Sauti ya Bahija ikatoka nyuma ya pazia. "Baba, huyo mwenye kaniki si ndiye aliyemwosha mama? Nilimng'ang'ania nguo nikilia, akaniachia nimimine maji ya mwisho."

"Ndiye," Sultani akasema. "Aliingia hata chumba cha ndani cha nyumba yangu, nami nikamwacha atokee mlango wa uani, sikumwita tena. Badawi, aibu hii si yako peke yako. Nenda kamlete."

Akaenda zizini na nguo zake za arusi, na mtunza punda akamcheka, akamwambia punda atadai kitambaa kingine. Alikikuta chini ya matandiko, kimeshika mavi. Akakiosha polepole, kwa mikono yake, akarudi nacho, akaifumua hariri, akakirudisha pahala pake kwa uzi wa Dahina, na watu wote barazani wakingoja kumsikia marehemu akimshitaki mwanawe.

"Mize," akauliza Bi Mwanasha, "ulikuwa wapi?"

Badawi akaweka kiganja.

"Nilikuwa kwa mwanangu, mama," kaniki ikajibu taratibu. "Ana shughuli nyingi za arusi."

Hakuongeza neno. Ndivyo alivyokuwa hata kazini, alichokiona juu ya mwili wa mtu alikifunika, na mumewe mwenyewe hakupata kumsikia akikitaja. Badawi akafunika uso, na hakuna aliyeweza kumtazama.

Wakaoana, na Sultani akampa maghala na bustani, na Bahija akamzalia watoto wema. Lakini Badawi alijifunza kuosha maiti za wanaume, na karafumaiti dukani mwake haikuuzwa tena, aliyefiwa alipewa bure. Hapo ndipo ilipokomea habari ya mfarishi ule. Aliyesitiriwa naye asitiri, na Mungu awarehemu wazazi wetu waliotutangulia, na atusamehe tuliyowafanyia.