Kichwa Kwenye Mazigazi

Watu wengi huimega methali hii nusu, wakaitafuna hiyo nusu na kwenda zao. "Lisemwalo lipo," husema, wakimaanisha kwamba uvumi hauzuki bure na kwamba penye moshi hapakosi moto. Ni kweli, lakini nusu iliyobaki ndiyo yenye meno: na kama halipo, laja. Jambo laweza kusemwa na watu, likarithiwa, likachekwa mezani penye kahawa, na lenyewe bado liko njiani. Orval Tvedt alikuwa mzee wa kutosha kuyajua hayo. Ila kuwa na masikio ni jambo moja, na kusikia ni jambo jingine.

Orval alikuwa fundi matrekta mstaafu, mrefu, mkavu, na mbishi wa kupigiwa mfano. Ukimwambia mvua inanyesha, alitoka nje kuhakikisha. Ukimwondoa mkewe Ardis, alipenda vitu viwili duniani. Cha kwanza ni bunduki yake ya mezani, yenye mtutu mnene na darubini ndefu, ambayo haikubebwa begani bali ililazwa juu ya vifuko vya mchanga na kubembelezwa kama mtoto mgonjwa. Cha pili ni Hilda, pikapu kuukuu ya kijani aliyoirithi kwa baba yake. Hilda alikuwa na mlango mmoja unaofunguka kwa nje na mwingine unaofunguka kwa maombi tu, lakini hata wakati wa theluji hakuwahi kumwacha Orval njiani.

Kila kiangazi Orval na shemeji yake, Emmet Brandvold, walikwenda na Hilda kwenye mbuga za magharibi kuwinda kindi wa mashimo. Wanyama hao ni wadogo, lakini hutoboa malisho kama chujio, na ng'ombe akitumbukiza mguu humo habari yake imekwisha. Kwa hiyo wenye ranchi hufurahi kuwaona wawindaji. Orval alipiga. Emmet, mtu mpole na mwenye subira, alikaa pembeni na darubini ya miguu mitatu, akiangalia risasi ilipoangukia na kusema, "Kushoto kidogo," au, "Huyo amekwenda."

Mwaka huo Ardis hakutaka waende. Majira ya kuchipua madaktari walikuwa wamempasua mumewe kifua na kumtengeneza moyo, na kovu lilikuwa bado jekundu. Asubuhi ya safari alimvuta ndugu yake kando, nyuma ya Hilda.

"Huyu hasikii la mtu, wala la daktari," alisema. "Wewe ndiye unayemchukua, wewe ndiye utakayemrudisha. Usije kwangu peke yako, Emmet."

"Nitamrudisha mzima, dada," Emmet alisema.

Ranchi waliyoifikia ilikuwa ya Verna Sletten, mjane aliyewajua kwa miaka mingi. Safari hii aliwaruhusu waingie malisho ya mbali, ambako hawakuwahi kupiga. Aliwamiminia kahawa, akawapa vipande vya keki ya rubabi, ule mmea mchachu wa bustani, kisha akasimama na birika mkononi.

"Pigeni mpaka mchoke. Ila kule kuna nyumba ya zamani, iliyojengwa na walowezi wa kwanza. Jua likikaza na upepo ukitulia, msielekeze mtutu upande ule."

"Kuna ng'ombe?" Orval aliuliza.

"Hakuna ng'ombe. Kuna mtu."

"Mtu gani anakaa pale, mama? Si paa lenyewe limeshaanguka."

"Hakai. Anatokeza. Kichwa na mabega, kutoka ardhini, halafu anainua mkono. Marehemu mume wangu alimwona, na baba mkwe alimwona kabla yake. Wakienda kuangalia, hawakuti kitu. Basi sisi hatupigi huko."

Orval alilamba sukari kidoleni. "Akiniinulia mkono nami nitamwinulia wangu. Si ndiyo adabu?"

"Cheka tu, Orval. Lisemwalo lipo."

"Kama lipo, nitakuletea mkia wake uutundike hapo juu ya jiko."

Emmet hakucheka. Alimtazama mjane usoni akaona kwamba mama huyu hatanii, akaiweka keki yake chini.

Malisho yale yalikuwa tambarare, manyasi mafupi ya rangi ya kahawia hadi macho yanapokoma, na vichuguu vya kindi vimetapakaa kila mahali. Nyumba ya zamani ilikuwa mbali sana, ukuta mmoja na nusu. Walimsimamisha Hilda, wakapanga meza nyuma yake kwenye kijivuli chembamba, wakaziba masikio kwa viziba vyao, na Orval akaanza kazi. Hadi kuelekea adhuhuri alikuwa akipiga vizuri, akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda, na filimbi za kindi zilisikika kila upande kama watoto shuleni wakati wa mapumziko.

Kisha upepo ukafa.

Mazigazi yalianza kupanda kutoka ardhini, hewa ikachezacheza kama maji yanayotaka kuchemka. Emmet aliinua kiziba kimoja kuangalia kama masikio yake yana kasoro, maana filimbi zote zilikuwa zimekoma. Akaweka jicho kwenye darubini. Kindi hawakuwa wameingia mashimoni. Walikuwa nje, wote, wamesimama wima juu ya vichuguu vyao, na wote walikuwa wamewapa wawindaji mgongo. Walikuwa wakitazama nyumba ya zamani.

"Orval," alisema taratibu. "Hii siipendi."

"Tulia. Nimeona dume moja kubwa pale, mbele ya ule ukuta. Kwenye kichuguu kile kipana."

Emmet alielekeza darubini huko. Kwenye mazigazi, juu ya kichuguu kipana kuliko vyote, kitu kilikuwa kimesimama. Kilikuwa na kichwa na mabega. Kilinyooka, kikakatika katikati, kikaungana tena. Kama ni kindi, alikuwa mkubwa mno kwa umbali ule.

"Usipige huko. Mama Verna alisema nini?"

"Mama Verna alisema hadithi," Orval alijibu, na bunduki ikalia.

Emmet aliona risasi ikipita kwenye hewa inayocheza, akaona vumbi na kibanzi cheupe kikiruka, karibu kabisa na kile kichwa. Sasa kila mwindaji wa kindi anajua jambo hili: ukimkosa mnyama yule, huzama shimoni kabla vumbi halijatua. Kile kitu hakikuzama. Kilibaki palepale, kisha polepole kikainua mkono.

Emmet aliondoa jicho kwenye darubini. Orval naye, kwa mara ya kwanza siku hiyo, aliacha kutafuna. Walipotazama tena, kichuguu kilikuwa kitupu.

"Tukusanye vitu, twende zetu," Emmet alisema.

"Twende wapi? Kuna mhuni kule anatuchezea, au ni gogo na mazigazi. Nakwenda kuangalia."

"Na huo moyo wako? Nilimwahidi Ardis nitakurudisha mzima."

"Ulimwahidi kunirudisha, hukumwahidi kunilea." Orval alikwisha simama na kuvaa kofia. "Nitapita chini kwenye lile korongo kavu, nizunguke, nitokee nyuma ya nyumba. Sitakuwa mbele ya mtutu hata kidogo. Wewe kaa hapa mezani. Kikitokeza tena, kipige."

Emmet alinyoosha mkono kuelekea komeo la bunduki, kile chuma kinachofungia risasi ndani. Kwetu watu wa bunduki za mezani hii ni sheria isiyo na mjadala: mtu yeyote akienda upande wa shabaha, komeo hutolewa na yeye huondoka nalo mfukoni. Orval ndiye aliyemfundisha Emmet sheria hiyo. Na Orval huyohuyo sasa aliusukuma mkono wa shemeji yake.

"Liache. Utapiga kwa nini, kwa mate?"

Ndivyo ubishi unavyofanya. Humfanya mtu avunje hata ukuta aliojijengea mwenyewe.

Alishuka korongoni, kofia yake ikazama. Emmet akakaa nyuma ya bunduki, viziba masikioni, jicho kwenye darubini. Kindi walikuwa bado wamesimama. Hakuna hata mmoja aliyegeuka. Jua lilimchoma shingo, na jasho lilimwingia machoni, lakini hakuthubutu kujifuta. Alingoja kumwona Orval akitokea nyuma ya ule ukuta, akipunga kofia na kucheka. Hakutokea.

Badala yake kilitokea kile kitu.

Kilikuwa palepale, juu ya kichuguu kipana, kichwa na mabega, kikitetemeka kwenye mazigazi. Kilijipinda huku na huku. Emmet alihisi hofu, na baada ya hofu ikaja hasira kali: hiki ndicho kilichomla Orval, nami nitamwambia nini dada yangu? Msalaba wa darubini ulitua katikati ya kile kichwa. Kifyatulio cha bunduki ile kilikuwa chepesi, hata kidole kikipumua kilikubali. Kile kitu kikainua mkono.

Kikitokeza tena, kipige.

Emmet hakuwa msomi wala shujaa, lakini alikuwa na tabia moja ambayo Orval alimcheka kwayo kila mwaka: aliamini alichoambiwa na watu wa mahali. Aliwaza hivi: kama kule hakuna kitu, sina sababu ya kupiga. Na kama yupo mtu, ndiyo kabisa sina sababu ya kupiga. Aliondoa kidole. Alivuta komeo, akalitia mfukoni. Kisha akavua viziba masikioni.

Sauti nyembamba ilimfikia, kutoka mbali sana, kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili.

"Shemeji."

Emmet aliruka ndani ya Hilda. Pikapu ile haikuwa imezoea mikono mingine, naye hakuijua desturi yake vizuri. Alivuta choki ya kuwashia, akakanyaga, ikakohoa na kunyamaza. Akakanyaga tena. "Hilda, mama, si leo," alisema, na machozi yalikuwa yakimlenga. Hilda akakohoa, akanguruma, akaondoka akirukaruka juu ya vichuguu. Kindi hawakukimbia. Walisogea tu kando, wakampisha.

Orval alikuwa amekwama kisimani. Walowezi walikuwa wamekifunika kisima chao kwa mbao, upepo wa miaka ukamwaga udongo juu, na watu wote waliokuja kuangalia walikiona kichuguu tu. Mbao zilikuwa zimeoza. Ziliwavumilia waliotangulia, zikavunjika Orval alipotoka nyuma ya ukuta akinyatia kwa kuinama na kukikanyaga kichuguu. Alikuwa ametumbukia hadi kifuani, mkono mmoja ameukumbatia ubao uliochomoza ukingoni, mwingine ameuinua. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu, na chini yake udongo uliendelea kumwagika, ukichukua muda mrefu kabla ya kusikika majini.

"Usisogee," Emmet alisema. "Usiseme neno."

"Kwa mara ya kwanza nakubaliana nawe."

Alimpitishia kamba chini ya makwapa, akaifunga kwenye bampa la Hilda. Gia ya nyuma ilimgomea, akaipiga kwa kiganja, ikaingia. Hilda alirudi nyuma taratibu, na Orval akatoka ardhini kama jino. Mara tu miguu yake ilipopita ukingo, mbao zote zikaporomoka, isipokuwa ule ubao mmoja aliokuwa ameukumbatia.

Walikaa chini karibu na gurudumu. Orval alishika kifua, Emmet akamshika mkono na kumsikiliza akipumua mpaka pumzi zilipotulia. Upepo ulianza kuvuma tena, na filimbi ya kwanza ikasikika, kisha nyingine.

"Nilikuwa nakupungia, uje," Orval alisema. "Kisha nikakumbuka nilichokuagiza. Nikajua nimekwisha. Kwa nini hukupiga?"

"Mama Verna alikataza."

Orval alipangusa udongo usoni. Aligeuka kuutazama ule ubao, na hapo uso wake ukabadilika vibaya kuliko alipokuwa shimoni. Alitambaa hadi pale. Juu ya ubao palikuwa na tundu, dogo, safi, na ubao kulizunguka ulikuwa mweupe kwa kupasuka upya. Aliingiza kidole. Risasi ilikuwa ndani.

Alipeleka kiganja kutoka tunduni hadi mahali sikio lake lilipokuwa muda mfupi uliopita. Kiganja kiliijaza nafasi yote.

"Hii ni yangu, ile niliyoipiga huku," alisema. "Kibanzi kiliruka ulivyoona. Kando ya kichwa chake."

"Ndiyo."

"Emmet, nilimpiga nani?"

Wote wawili walikuwa wanajua. Emmet alimwinua shemeji yake, akamweka ndani ya Hilda, akaondoka polepole ili asimtikise. Walipofika kwa Verna Sletten, mjane alikuwa mlangoni. Aliutazama udongo ulioganda kwenye nguo za Orval hadi kifuani, akautazama na mkono wake wa kulia, ambao bado ulikataa kushuka sawasawa. 

"Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa wewe," alisema.

Na Orval Tvedt, ambaye hakuwahi kukubali neno la mtu, aliinamisha kichwa na kulikubali hilo: lisemwalo lipo, na kama halipo, laja.