Ngiri Waliocheka Pilipili

— Paukwa.
— Pakawa.
— Mmeuliza mbona saratani hukimbia dawa, kisha hurudi ikiicheka.
— Tumeuliza.
— Mimi najua habari za ngiri tu.
— Hizo hizo, lete.

Karunguyeye alikuwa mgane. Mkewe alimwachia tuta moja la viazi vitamu, mbegu aliyoichagua mwenyewe. Likiisha, mbegu nyingine haipo.

Ngiri wakaja, ukoo mzima. Wakala, kacha, kacha, kacha.

Karunguyeye akapaka viazi pilipili. Ngiri wakaonja. Haa, haa, haa! Wakakimbia wote, ila mmoja, Magego. Huyu alizaliwa na ulimi mfu, hajui tamu wala chungu. Akala peke yake, kacha, kacha, kacha. Akaoa, akazaa, na wanawe wote wakatoka na ulimi wa baba yao.

Karunguyeye akaongeza pilipili. Wakala. Akaongeza tena. Wakala tena.

"Shikamoo, mzee," akasema Magego, mdomo umejaa.

"Marahaba."

"Achari yako nzuri, ila inatia kiu. Hata maji hutuwekei? Ukarimu gani huo?"

Ulimi usioijua pilipili, Karunguyeye akawaza, utajua nini kingine?

"Mniwie radhi, wanangu. Maji yanakuja."

Akakamulia shubiri, dawa chungu ya kuharisha, katika mtungi mzima wa maji. Pilipili hakuiondoa, maana wale waliokimbia kwanza walikuwa wakichungulia kichakani. Hao ndimi zao nzima; wangeonja maji, wakayatema, kisha wakala viazi.

Magego na wanawe wakanywa, gudu, gudu, gudu.

"Maji mazuri, mzee."

"Ya mvua."

Mara matumbo yakanguruma. Magego akasimama kwa uangalifu mkubwa.

"Mzee, choo kiko wapi?"

"Kwenu."

Wakatoka mbio, mikia juu, puruu, puruu, puruu, mpaka ng'ambo ya mto. Wale wa kichakani wakajitokeza, wakaonja kiazi, haa, wakawafuata.

Karunguyeye akakagua tuta. Lilikuwa limebaki shina moja. Akaketi kando yake, akaanza kulipalilia.

— Hadithi imefika mwisho wa tuta. Mwenye kiu aonje kwanza.
— Na funzo?
— Pilipili ikishindwa, ongeza pilipili. Na mkimwona daktari anachanganya dawa mbili, mwulizeni mbona anaharibu maji.