Paa la Mwanaidi

Haya, sogeeni karibu, na mwenye jibu alishike mdomoni mpaka nimalize.

Morogoro palikuwa na bendi ya watu watatu, Kizunguzungu. Mwanaidi alitunga nyimbo na kupiga besi. Mkude alipiga gitaa la solo. Akikanyaga vile vidude vyake vya mwangwi, gitaa liliyumba hadi msikilizaji akashika kiti. Zuhura aliimba, na sauti yake ilipanda bila kuomba ruhusa.

Albamu yao ya kwanza ilibakiza wimbo mmoja tu, Mwanaidi akaitwa kwao Kilosa. Nyumba ya marehemu mama yake ilikuwa inabomolewa kupisha barabara. Alikuta mabati yameanza kung'olewa. Akalia, akatunga, akawapigia wenzake simu.

"Wimbo unaitwa *Paa*. Kiitikio ni 'Paa, usiniache.' Rekodini, msinisubiri!"

Simu ikakatika kabla hajaeleza.

Mkude, mjukuu wa mwindaji, aliwaza mnyama. Akalirukisha gitaa, likakimbia, likasimama ghafla, likageuza shingo, likatokomea kwenye mwangwi.

Zuhura hakuwaza mnyama wala nyumba. Ameambiwa apae, basi akapaa. Kila "paa" ilipanda juu ya iliyotangulia, mpaka fundi mitambo akacheka peke yake kwa raha.

Mwanaidi aliporudi akasikiliza, akafura.

"Hili ni paa la nyumba ya mama! Nyinyi mmeimba nini?"

Hata hivyo aliurudia wimbo. Safari hii akayaona yale mabati yakiinuka moja moja, yakaenda zake angani. Alilia upya, akawasimulia alichokiona, wala hakudai urekodiwe tena.

Albamu ikaitwa *Paa*. Ugomvi ukazuka kwenye jalada, maana lina nafasi ya picha moja.

"Bila neno langu mngerekodi nini?" akauliza Mwanaidi. Mkononi ana picha ya ile nyumba, nayo ni moja tu duniani.

"Bila gitaa langu nani angegeuka kusikiliza?" akasema Mkude, anayemtaka mnyama wake.

"Pole sana, dada," akasema Zuhura. "Lakini bila sauti yangu hata wewe usingeyaona mabati yakiruka. Jalada liwe mtu angani."

Mpiga chapa yuko mlangoni, anataka picha sasa hivi. Nyumba isipowekwa, Mwanaidi ataona imebomolewa mara ya pili. Ikiwekwa, itakuwa kama kusema wenzake waliukosea wimbo ambao yeye mwenyewe umemliza.

Je, picha ile ungeipokea mkononi mwake, au ungemwambia airudishe mfukoni?