Shimo la Moto Nyuma ya Nyumba ya Kangero

Sogeeni. Wewe uliyejitenga kule gizani, njoo, nafasi ipo hapa kando yangu. Fungeni midomo. Atakayekohoa akohoe ndani ya kanga yake. Na jambo moja: mpaka nitakapomaliza, mtu asimwite mwenzake kwa jina. Mkitaka kuitana, gusaneni bega. Majina nitakayoyataja mimi hayana neno, wenyewe wameshakwenda zao.

Haya.

Huku huku Upareni, palikuwa na nyumba ya mwisho kabla msitu haujaanza. Ndani yake waliishi Mzee Kangero na mkewe Namkunda, pamoja na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Binti yao Nakijwa akikanyaga ardhi tu alijua maji yanapita wapi chini yake. Mwana wao Mcharo akigonga jiwe kwa ukucha alijua tumbo lake limeficha nini. Na mkamwana wao Nambike, mjane wa Eliapenda, kifungua mimba wa nyumba ile, alijua kunyamaza. Msicheke. Ungeweza kumtukana Nambike wakati wa kupanda akakujibu wakati wa kuvuna.

Sasa, ukungu wa huku hujifunza sauti. Ukimwita mtu ukunguni leo, kesho utausikia ukungu unamwita mtu yule yule kwa sauti yako, na yeye akiitika anaifuata. Eliapenda alifuata hivyo. Alidhani ni mama yake anamwita aje kula. Tangu siku hiyo Namkunda hakuwahi kupaza sauti nje ya mlango wake.

Asubuhi moja Kangero akiwa anakunywa uji alisema anakwenda kuangalia mizinga yake msituni.

"Mlima umejifunika leo," Namkunda alimwambia. "Asali haina miguu, utaikuta kesho."

"Asali haina miguu, lakini wezi wa asali wanayo." Akasimama, akavaa kofia yake ya sufu, akawatazama wale watatu akicheka. "Nikipotea, atakayenirudisha ndiye atakayebaki na nyumba hii nikifa. Mmesikia wote, msije mkagombana mbele ya wageni."

Walicheka nao. Hata sufuria ya uji haijaoshwa, ukungu ulishuka ukafunika migomba, ukafunika banda la mbuzi, ukakaa. Haukuondoka siku hiyo wala iliyofuata.

Walimsikia Kangero akikohoa upande wa juu. Kisha akikohoa upande wa chini. Kisha akikohoa nyuma ya ukuta, karibu kabisa. Namkunda alifungua kinywa, na Nakijwa akamziba kwa kiganja.

"Mama, hatuwezi kumwita."

"Na yeye akiniita?"

"Huwezi kuitika. Wala yeye hawezi kutuamini, hata akitusikia."

"Basi tumwonyeshe kitu," Mcharo alisema. "Jicho halidanganywi kama sikio."

"Atakiona vipi ndani ya ukungu huu kama maziwa?" Nakijwa aliuliza.

"Moto mkubwa, nyuma ya nyumba, pale penye uwazi wa kutazama msitu."

Waliwasha moto juu ya ardhi, nao ukazimwa na unyevu kama mtu aliyeufinya kwa vidole. Hapo wakajua lazima uchimbiwe shimo, ukae chini, upepo uwe mtumishi wake.

Nakijwa alivua ndara akazunguka uwanja wa nyuma, akikanyaga polepole kama anayetafuta sindano. Kila mahali nyayo zake zilimwambia maji. "Hapa tutapata kisima," alisema, akasogea. "Na hapa kisima." Mwisho alisimama mahali pakavu, na hapakuwa na pengine: chini ya isale lake, ule mmea uliopandwa pale kilipozikwa kitovu chake. Katika ukoo ule binti akiachika au akifiwa hurudi nyumbani kwa haki ya lile isale. Akiling'oa kwa mkono wake, anakuwa mgeni kama wageni wengine.

"Mwanangu, hapo hapafai," Namkunda alisema.

"Hapo ndipo, mama."

Aling'oa. Akachimba shimo la kufika magotini, akalipanua mdomo, akamwaga changarawe chini ili unyevu usipande, akatoboa tundu la hewa upande ule upepo unakotokea. Alipomaliza aliomba maji ya kunawa, na Namkunda akashtuka, kwani aliyaomba kwa adabu ya mpita njia.

Mcharo akaleta mawe ya kuzungushia. Desturi ilitaka moto mpya ukalishwe kwenye mawe ya mtoni, mawe yasiyo na habari za mtu. Lakini mawe hayo huwekwa kwanza kwenye dari la jikoni, moshi uyakaushe msimu mzima, na msimu hawakuwa nao. Mcharo aliyagonga kwa ukucha, akakunja uso. "Haya bado yana mto ndani." Mama yake akamwambia weka tu, baba yako anakufa na baridi. Akaweka. Moto ulipokolea jiwe moja lilipasuka kama bunduki, na kipande chake kikaingia kwenye jicho lake la kushoto.

Hakulia. Alifungwa kitambaa, akasema, "Najua mawe yaliyowahi kuonja moto yako wapi." Namkunda alielewa, akamshika shati, naye akajinasua. Alikwenda kwenye mahame ya babu yake mdogo, boma ambalo watu wake waliisha wote, mahali ambapo hata mbuzi hawali majani. Alirudi na mafiga na mawe meusi kwenye gunia, akarudi tena kuchukua mengine, mpaka yakatosha duara. Namkunda aligusa mojawapo akaondoa mkono haraka. Lilikuwa na uvuguvugu. Pale mahameni hapakuwahi kuwashwa moto tangu yeye hajaolewa.

Nambike akateremsha kuni kavu za darini, akakaa kando ya shimo. Kuwasha moto si kazi. Kazi ni kukaa nao. Akaongeza gogo, akaongeza gogo, na mwanga ukafungua ukungu kidogo kama mlango wa nyumba. Ndipo sauti zikaja. Ilikuja sauti ya Mcharo kutoka migombani, "Shemeji, nisaidie gunia," na Mcharo yuko pale pale ameshika jicho. Ikaja ya jirani aliyezikwa zamani, ikiomba chumvi. Kisha ikaja nyingine, karibu sana, na Namkunda akauma upindo wa kanga yake.

"Nambike, mke wangu. Baridi imenila. Sema neno moja tu, nijue uko upande gani."

Ilikuwa ya Eliapenda, na ule mkwaruzo wake wa utotoni. Namkunda alimtazama mkamwana wake. Machozi yalikuwa yanamteremka Nambike mpaka kidevuni, na mkono wake ukaokota gogo ukaliweka motoni. Sauti ile ilingoja. Ilisema, "Haya," kwa upole, ikaenda zake, na Nambike hakuisikia tena maishani mwake, hata ndotoni.

Halafu wakatokea wawili. Kangero na Kangero, kila mmoja na kofia ya sufu, kila mmoja akichechemea mguu ule ule. Namkunda aliyelala na mtu huyo tangu ujana wake hakuweza kuchagua. Nambike hakuwauliza kitu. Alisogea pembeni, akapiga ardhi kwa kiganja mara chache, kama unavyomkaribisha mgeni akae. Mmoja alikuja, akachuchumaa, akanyoosha mikono kwenye moto huku meno yakigongana. Wa pili alibaki mwanga unapoishia, akingoja kuambiwa kwa mdomo. Ukungu ukamfunga.

Walimwingiza ndani. Namkunda alimvua shati lenye maji, akamkumbatia. "Umerudi, mume wangu."

Kangero akafungua kinywa, hapakutoka kitu. Na kule nje, upande wa msitu, sauti yake ikajibu vizuri kabisa: "Nimerudi, mke wangu."

Aliishi mpaka mahindi yakakomaa, bubu, akiota moto wa lile shimo kila jioni. Kisha akafa. Siku ya kumaliza matanga ukoo ukamgeukia Namkunda. Marehemu alitamka sharti, na aliyerudishwa hakuweza kusema ni nani alimrudisha. Aseme yeye.

"Mimi nilitoa mahali," Nakijwa alisema. "Pasingekuwa na mahali, hayo mawe huyu angeyashika mkononi? Na nisipopewa, mimi sina kwetu tena."

"Shimo bila mawe ni matope, dada," Mcharo alijibu. "Nitazame usoni ukisema."

"Jicho lako lilitolewa na jiwe, si na baba."

"Na isale lako nalo alikung'olea nani?"

Wakamgeukia Nambike. Naye akasema, "Wifi, shemeji, ninyi mlitoa vyenu mkaenda kulala. Mimi nilitoa cha kwangu nikabaki nakiangalia kinaondoka."

Namkunda alikuwa na jina mdomoni. Alishavuta pumzi ya kulisema. Hapo ukungu ukaingia uani, watu wakavuta mashuka, na kutoka msituni ikaja sauti ya Kangero, ikiuliza kama mtu anayeuliza njia:

"Ni nani aliyenirudisha?"

Namkunda akalimeza lile jina. Angelitamka, ukungu ungelijifunza, na ungemjia mwenye jina hilo siku moja akiwa peke yake. Alinyamaza siku hiyo, akanyamaza mwaka huo, akafa amenyamaza.

Basi Nakijwa alirithi jembe na shamba la bondeni, akalala kwenye nyumba za watu. Mcharo alirithi mizinga, akaipakua kwa jicho moja. Nambike alirithi blanketi la mzee na mbuzi wake. Nyumba ilibaki haina mwenyewe mpaka ukuta ukaanguka, na kilichobaki ni hili shimo mnaloota sasa hivi, na haya mawe mnayoegemezea miguu. Yaguseni upande wa nje, ambako moto haufiki. Mnasikia uvuguvugu?

Ukungu huo unashuka. Ongeza gogo, mwanangu, na usigeuke. Kangero atauliza, huuliza kila mwaka, na mwaka huu nataka niwe na jibu kifuani hata kama silitoi. Mmoja alitoa mahali, mmoja alitoa jicho, mmoja alitoa sauti aliyoipenda. Je, wewe ungeamua vipi?

Niambie. Lakini niambie sikioni.